Kioo Kidogo cha Mwalimu

Watu wa Songea waliomfahamu Mwalimu watakuambia alikuwa mkali. Hawajasema kitu. Mkali ni mtu anayekasirika, halafu hasira inapoa. Mwalimu alikuwa na hasira ya kudumu, ya asubuhi na ya jioni, kama watu wengine walivyo na kikohozi. Aliwakasirikia wateja. Alizikasirikia jenereta za umeme wa mji na mafundi wake wote. Aliwakasirikia wanafunzi wake wa zamani, walioshindwa kwa sababu walishindwa, na waliofaulu kwa sababu walikwenda Dar es Salaam wakarudi na viatu vyenye ncha.

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Kwanza shuleni, yeye akifundisha fizikia na mimi Kiswahili, kisha katika chumba chetu cha gemu pale Mfaranyaki. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa mpole wa kuwatuliza watu aliowatukana. Sasa mambo yamegeuka. Hasira imebaki kwangu, na ninayemkasirikia ni yeye.

Ile ilikuwa miaka ambayo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa wazi, na kila mtumishi wa serikali alikuwa na mradi. Huyu anafuga kuku, yule ana saluni, mwalimu mkuu wetu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Makontena yalishuka bandarini na kila kilichochoka kwa wenzetu: nguo, redio, magari, hatimaye kompyuta zilizotupwa na ofisi za Ulaya. Mwalimu alikuwa ameacha kazi mapema baada ya kugombana na mkuu, akanijia nyumbani Bombambili jioni moja kabla jua halijazama. Hata kukaa hakukaa.

"Mama Zuhura," alisema, "vijana wa mji huu wanacheza karata. Ni aibu. Tuwape kitu kinachotumia akili."

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Kompyuta. Za michezo."

Nilicheka, na akakasirika. Lakini mwaka ule haujaisha tulikuwa na chumba chenye kompyuta sita, pazia zito mlangoni ili mwanga wa jua usiue picha, na stabilaiza kubwa kama jiko la mkaa, kwa sababu umeme wetu ulikuwa ukipanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Makondakta wa mabasi ya Makambako walikuja, makarani walikuja, wanachuo wakaja. Mpira, mbio za magari, ndege za vita. Mji ukaanza kutusema. Mzee mmoja wa parokia alimwambia Mwalimu kwamba tunawafundisha watu uvivu. Mwalimu, ambaye hakukosa misa ya asubuhi hata siku ya mvua, alimjibu mbele ya mlango wa kanisa kwamba yeye mzee ameshinda miaka arobaini barazani akipiga bao, na bado mji haujaendelea.

Alikuwa hivyo. Alichukia kelele, akachagua biashara ya kelele. Alikataza michezo ya bunduki siku ya Jumapili, lakini yeye mwenyewe alitoka kanisani moja kwa moja akakaa kwenye kompyuta ya kona, akavua koti, akaendesha gari la mashindano kwa uso wa mtu anayesahihisha mitihani. Na alikuwa hodari. Makondakta wanaolala barabarani walishindwa naye kwenye barabara ya kuchora.

Jambo lililomuudhi kuliko yote ni mtu kununua bila kuuliza. Siku moja karani kijana wa benki aliingia na sanduku lenye picha ya simba anayetema moto. Ndani mlikuwa na kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila kitu unachokiona kwenye kioo.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeinunua Kariakoo. Nataka unifungie, na monita kubwa ninayo nyumbani."

"Kwa nini umenunua hii?"

"Sanduku limeandikwa ina nguvu mara nane."

"Limeandikwa na nani?"

"Na kiwanda."

"Kiwanda kinauza nini?"

Yule kijana akasita. "Kadi."

"Kwa hiyo umekwenda kwa mtega mitego ukamuuliza kama mtego ni salama." Akamrudishia sanduku. "Toka."

Kijana alitoka. Mwalimu akaketi, akanung'unika, akanywa kahawa yake ya Mbinga isiyo na sukari. Kisha akainuka akamfuata barabarani. Jumamosi nzima alishinda naye, akafungua kompyuta yake, akamwonyesha kwa nini kadi ile haitaweza kuibeba monita ile, akamtukana kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakumtoza kitu.

Mimi alinifundisha kwa maharage. Nilikuwa sielewi kwa nini mchezo uleule unakimbia vizuri kwenye kompyuta moja na kwenye nyingine unakwenda kwa kushtukashtuka kama gari lenye mafuta machafu. Akaweka mezani sahani ndogo na sinia la pilau, akaniambia nizijaze maharage kwa mkono mmoja, punje kwa punje, bila kurundika. Sahani niliimaliza upesi. Sinia lilinichosha, hata robo sikufika.

"Mkono wako ndio kadi," alisema. "Punje ni nukta. Picha yote ni nukta. Ukichagua kioo cha nukta nyingi, kadi inazijaza zote, kisha inafuta na kujaza upya, kila mara gari linaposogea. Mkono dhaifu na sinia kubwa, unapata nini?"

"Njaa," nilisema.

Hapo alicheka. Alikuwa na cheko la ajabu, la ghafla, kama mtu aliyejikwaa. Baada ya siku hiyo akawa anawaambia wateja wote: "Sinia kubwa halipiki wali." Walimwelewa vibaya, wakadhani anawasema wake zao. Lakini neno lilikaa mjini. Nimewahi kulisikia sokoni likisemwa na mwanamke ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Basi hebu fikiria mtu wa namna hiyo. Mtu asiyeamini sanduku, asiyeamini tangazo, anayeuliza kila kitu kimeandikwa na nani. Nataka ulishike hilo, kwa maana ndilo linalonichoma.

Mashaka yalianza alipokuja mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya akafungua chumba chake Majengo. Alikuwa na monita za inchi kumi na saba, picha kali, unaona hadi majani ya uwanja. Zetu zilikuwa za inchi kumi na nne, na Mwalimu alizipanga kwenye nukta chache kabisa, mia sita arobaini kwa mia nne themanini, kiasi kwamba mpira ulikuwa na pembe. Wateja wakaanza kuhama. Nilimwambia tubadilishe.

"Kadi zetu hazitaweza," alisema.

"Basi tununue na kadi."

Tulibishana wiki nzima, na mwisho akakubali kusafiri. Akakaa Dar siku kadhaa, akarudi na vumbi la barabara kwenye nyusi, na nikiri kwamba kadi alizoleta zilikuwa kadi hasa. Alizijaribu moja moja dukani kabla ya kununua, akagombana na muuzaji mpaka wakaitiwa polisi. Lakini monita? Alileta zilezile za inchi kumi na nne.

"Mwalimu, hizi ni nini?"

"Kioo."

"Tulikubaliana vikubwa."

"Vikubwa vinaumiza macho."

Nikamsaidia kuzifunga. Angalau, nilijiwazia, kwa kadi hizi tutaongeza nukta hata kwenye kioo kidogo. Nikaongeza mwenyewe mchana ule, hatua moja tu, na picha ikatulia vizuri. Wateja wakapiga makofi. Asubuhi yake nikakuta Mwalimu amerudisha kila kompyuta pale palepale, mia sita arobaini kwa mia nne themanini. Nikapandisha. Akashusha. Hakukuwa na maana yoyote! Umemchukua mpishi wa harusi umempa sahani ya kitoto. Mtu aliyetufundisha sote kupima mkono na sinia, sasa ana mkono wa chuma na anang'ang'ania kisahani. Nikadhani ni ukaidi. Nikadhani ni uzee. Wateja wakadhani ni uchoyo wa umeme.

Siku moja, chumba kimejaa, alikaa kwenye kompyuta ya kona ambayo mteja alikuwa ameipandisha nukta. Maandishi yalikuwa yamekuwa madogo. Aligonga kibodi kwa kiganja.

"Nani amegusa kioo changu?"

Wateja wakaendelea kubonyeza.

"Nimeuliza, nani! Mama Zuhura, ni wewe? Huna adabu! Unajifanya fundi kwa sababu nilikuonyesha maharage?"

Nilikuwa na miaka ya kutosha na heshima yangu mjini. Watu wote wakaangalia chini. Wallahi sikuwahi kudhalilishwa vile, wala kabla wala baada. Nilijifunga khanga vizuri nikamwambia, "Mwalimu, cheza. Cheza hapohapo nikuone."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka tu ashindwe. Akaanza mbio. Nilisimama nyuma ya bega lake, nina hasira mpaka masikio yanapiga, na kwa sababu nilikuwa namtazama yeye badala ya kioo, nikaona kitu. Alikuwa anazungusha kichwa. Kushoto, kulia, kushoto, kama kuku anayeitazama punje. Kioo cha inchi kumi na nne, kilicho mbele ya pua yake, alikuwa anakitafuta kwa shingo. Gari jekundu likamjia kutoka ubavuni, kila mtu chumbani akaliona, yeye hakuliona hata lilipomgonga.

"Limetoka wapi hilo?" alisema.

Niliwaomba wateja watoke, nikafungua pazia.

"Mwalimu, nitazame mimi. Mkono wangu huu unauona?"

Niliunyoosha kando ya sikio lake. Alikuwa akinitazama usoni moja kwa moja, kwa dharau.

"Mkono gani?" alisema.

Wala hakushtuka. Alijua. Alikuwa anajua muda wote. Dunia ilikuwa inamfungia kutoka pembeni kuja katikati, na kadiri inavyofunga ndivyo alivyotaka kioo kidogo na herufi kubwa, ili vyote vienee katika kitundu kilichobaki. Biashara yetu aliiachia ife, wateja aliwaacha waende Majengo, mimi akanitukana mbele ya mji, badala ya kufungua kinywa na kusema neno moja: sioni.

"Twende hospitali," nilimwambia.

"Macho ni yangu."

"Twende kesho."

"Natumia dawa."

"Dawa gani?"

Akalirudisha pazia, ikabidi nimfuate mkewe. Mama Mwalimu alikuwa mwanamke mtaratibu, mkulima, anayeongea kwa sauti ya chini kana kwamba ndani ya nyumba kuna mtoto amelala. Nilimkuta nyumbani kwao, mtaa wa Lizaboni, anachambua dagaa wa Nyasa. Akanisikiliza, akafuta mikono, akaingia ndani akarudi na kichupa.

"Hii. Yule wa gari la matangazo anauza. Mwalimu anaweka asubuhi na jioni, huu mwaka wa pili. Anasema wekundu umekwisha na macho yamepoa."

Nilikigeuza kile kichupa. Upande mmoja maandishi ya nchi nisiyoijua. Upande mwingine karatasi iliyobandikwa kwa mkono: dawa ya macho, hutibu mtoto wa jicho, presha ya macho, ukungu na machozi.

Imeandikwa na nani?

Nilikaa pale kwenye kigoda, kichupa mkononi. Mtu aliyemfukuza kijana wa watu kwa sababu ya simba kwenye sanduku! Kadi ya kuendeshea magari ya kuchora aliijaribu mpaka polisi wakaitwa, na jicho, jicho la Mungu, akalidondoshea maji ya mtu aliyesimama juu ya gari na kipaza sauti. Nilimwuliza Mama Mwalimu kwa nini. Akarudia dagaa wake.

"Hospitalini wangemwambia," alisema. "Yule wa gari hamwambii kitu. Anamuuzia tu."

Tulimpeleka. Sitasema jinsi tulivyomfikisha, ila mimi, mkewe na katekista wa mtaa wao tulimtia kwenye gari kama mwizi. Daktari wa macho katika hospitali ya misheni alimpima kwa upole, akakiomba kile kichupa, akakinusa, akakiweka kando bila kukirudisha. Alisema ni presha ya macho, ile inayokula mshipa wa kuonea polepole bila maumivu. Alisema kuna dawa za aina ile ya kichupa ambazo zinaondoa wekundu na kumfanya mtu ajisikie nafuu, na kumbe ndani zinaipandisha ileile presha. Hawezi kuapa, alisema, lakini ndivyo anavyoona.

"Kilichopotea kitarudi?" niliuliza mimi, maana Mwalimu hakuuliza.

"Hakirudi. Tunaweza kujaribu kukizuia kilichobaki. Angekuja mapema..."

"Asante daktari," Mwalimu alikata. "Nimeelewa."

Njia nzima ya kurudi nilitaka alie. Nilitaka aombe radhi, kwangu, kwa mkewe, kwa yule karani wa benki. Alichosema tulipokaribia Songea, vilima vya Matogoro vikiwa vimeshajitokeza, ni hiki: "Mwambie dereva apunguze mwendo." Basi.

Chumba kilikufa mwaka uliofuata. Nilijaribu monita kubwa, nikapandisha nukta nilivyotaka, picha ikawa safi kama kule Majengo, lakini watu walikuwa wameshazoea njia nyingine. Ukweli ni kwamba hawakuwa wakija kwa ajili ya picha. Walikuwa wakija kutukanwa. Mwalimu na mkewe wakahamia shambani kwao, upande wa Namtumbo, si mbali na Hanga. Sikwenda kumuaga. Nilisikia kwamba kitundu kimeziba, haoni kabisa.

Nikaja kumwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimekwenda Namtumbo kusimamia mitihani, maana ualimu sikuuacha, na siku ya gulio nikapita sokoni kutafuta mchele. Nilimsikia kabla sijamwona. Gari la matangazo lilikuwa limesimama karibu na wauza majembe, mwanamume juu yake, mtu wa makamo mwenye suti, akisema kwenye kipaza sauti, "Matone mawili asubuhi, matone mawili jioni, mama yangu, baba yangu, ukungu unayeyuka!" Na chini ya gari, ameshika bega la mkewe, Mwalimu. Koti lilelile. Uso ameuelekeza juu kidogo, kusiko na mtu.

"Mwongo!" alikuwa anapiga kelele. "Mwongo! Nitazameni mimi! Nilitumia hii! Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nikatumia hii!"

Watu walicheka. Wengine walimwonea aibu. Mwanamume wa juu akaongeza sauti ya spika, akasema mzee amelewa, msameheni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshatoa fedha, ameshikilia kichupa, anaangalia huku na huku.

Nilimfuata mtoza ushuru wa soko, nikamwambia amwondoe yule tapeli. Alinionyesha kitabu chake cha risiti. "Amelipia eneo lake, mama. Siku hizi biashara ni huria."

Nikarudi. Mama Mwalimu aliniona, akaniegemea kidogo.

"Kila gulio," aliniambia. "Tunatembea tangu alfajiri. Anawahi ili apate nafasi karibu na gari."

"Wanamsikiliza?"

"Wachache."

"Shikamoo Mwalimu," nilisema.

Akageuza uso. Sauti aliijua papo hapo.

"Marahaba. Umechelewa." Alikuwa amekauka sauti, koo lilikuwa linakwaruza kama msumeno. "Nimefundisha miaka yote ile bila kipaza sauti. Leo sauti inanishinda. Wapo wengi?"

Nikatazama. "Wapo wengi."

"Wananunua?"

Sikutaka kumdanganya. "Wananunua."

Alijaribu kusema tena, ikatoka pumzi tu. Akapiga mguu chini kwa hasira, kama mtoto aliyenyimwa. Na mimi niliyekwenda sokoni kununua mchele, niliyeishi miaka mingi nikiwa na donge la kumwambia huyu mtu jinsi alivyonifanya, nikayaona macho yale yakitafuta watu kwenye upande usio na watu, na donge likapata mahali pa kwenda.

Nilimshika mabega nikamgeuza akawaelekea. Nikaweka mkoba wangu miguuni kwa Mama Mwalimu. Kisha nikapanda juu ya kreti la soda la muuza vinywaji, mimi, mwanamke wa Kiislamu mwenye baibui na wadhifa wa serikali, mbele ya gulio zima, nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga maisha yangu yote.

"Wewe mama mwenye mtoto! Rudisha hicho kichupa! Njoo umtazame huyu!"

Spika ilinguruma. Nikapandisha sauti.

Yule mama akageuka. Alimtazama Mwalimu, macho kwa macho yasiyomwona, kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono kwa yule mtu wa juu, akamwambia kwa utulivu kabisa kwamba anataka fedha yake.